Samaki kwa Kipimo cha Nyumba: Kisa cha Tangi la Mkomani

Nyumba inayohusika na kisa hiki iko mtaa wa Mkomani, Lamu, nayo ni nyumba ya mawe ya zamani yenye ghorofa moja juu. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu ambaye jirani zake wote, nami nikiwamo, humwita Bi Mkubwa, na anaishi na mjukuu wake wa kiume aliye katika shule ya sekondari. Mjukuu huyo alikuwa ameona Mombasa tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 50, ndani yake mkiwa na oska wawili wadogo, kila mmoja sentimita tano hivi. Muuzaji alikuwa tayari kuviuza vyote pamoja, tangi na samaki, kwa bei ambayo Bi Mkubwa aliiona ya haki. Kabla ya kutoa pesa aliniita, kwa kuwa kazi yangu ni kuunda na kuhudumia matangi ya samaki, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, samaki hawa watakaa humo mpaka lini?"

Wengi huuliza samaki anakula nini, anauma au haumi, na rangi yake itabaki au itapauka. Ni wachache wanaouliza muda, ilhali muda ndio unaoamua mambo yote mengine. Oska, ambaye jina lake la kitaalamu ni Astronotus ocellatus, asili yake ni mito na mabwawa ya bonde la Amazon huko Amerika Kusini, na ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo uleule wa perege, sato na ngege tunaowajua kwa kuwala. Akilishwa vizuri huongezeka karibu sentimita mbili na nusu kila mwezi katika miezi ya mwanzo, na kabla ya kutimiza miaka miwili huwa amekwisha kuwa samaki wa sentimita 30 au zaidi. Akitunzwa ipasavyo huishi miaka 10 na kuzidi. Kwa hiyo jibu la swali la Bi Mkubwa lilikuwa fupi: katika tangi lile, oska wale wangekaa kwa raha kwa miezi michache, kisha miaka yote iliyobaki wangekaa kwa taabu.

Nilimfafanulia mjukuu jambo hili kwa hesabu, maana ni kijana anayependa hesabu. Samaki anayekua kutoka sentimita 5 hadi sentimita 30 ameongezeka urefu mara sita, lakini pia ameongezeka upana mara sita na kimo mara sita, na sita mara sita mara sita ni 216. Jicho la mtu huona urefu uliozidi mara sita. Chujio la tangi huona mwili uliozidi zaidi ya mara mia mbili, pamoja na chakula chake na uchafu wake. Muuzaji anayeonyesha samaki wa sentimita tano hasemi uongo, ila anaonyesha sehemu ndogo sana ya kile anachokiuza.

Kijana alikuja na hoja ambayo nimeisikia kwa watu wa kila umri, kwamba samaki hukua kwa kiasi cha tangi lake na hivyo katika tangi dogo atabaki mdogo. Hoja hii inadhuru samaki wengi kuliko ugonjwa wowote niujuao. Samaki anayekomea njiani amekomeshwa na maji mabovu, yaani uchafu wake mwenyewe uliolundikana, na kukoma huko ni dalili ya mwili unaoharibika. Oska hasa huonyesha madhara hayo kwa vidonda vya kichwani, vitundu vidogo vinavyoanza karibu na macho na kupanuka, na mara nyingi vidonda hivyo huandamana na maji yasiyobadilishwa ya kutosha. Sikubali hata kidogo kwamba mtu anayempenda samaki amweke pale akijua kwamba udogo wake utakuwa ni maradhi.

Jambo la pili lilikuwa umbo la tangi lenyewe. Lita ni kipimo kinachodanganya kikitumiwa peke yake. Tangi lile la Mombasa lilikuwa na lita 135, na sakafu yake ilikuwa na sentimita za mraba 2,700. Tangi la urefu uleule lakini lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha 30 lina lita 135 zilezile, ila sakafu yake ni sentimita za mraba 4,500. Sikilidi wakubwa wengi hugawana sakafu na si kimo: huchimba mchanga, huchagua pembe, hulinda jiwe. Isitoshe, samaki wa sentimita 30 katika tangi lenye upana wa sentimita 30 hawezi kugeuka bila kujikunja. Kipimo ninachokitumia mimi ni kwamba urefu wa tangi usipungue mara nne ya urefu wa samaki mzima, na upana wake usipungue mara moja na nusu. Si sheria ya kisayansi, lakini humzuia mtu asifanye kosa kubwa, na upesi huonyesha ni samaki gani wasiostahili hata kujadiliwa.

Baada ya hapo niliacha habari za samaki nikaipima nyumba. Kijana alitaka tangi likae ghorofani, chumbani kwake, na hapo nilikataa moja kwa moja. Sakafu za juu za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti hazivuki upana mkubwa. Sakafu kama hiyo imebeba vizazi vya watu, vitanda na masanduku, lakini uzito wa maji husimama mahali pamoja usiku na mchana kwa miaka, na maji yanayovuja huifuata boriti hadi ukutani ilikoingia, ambako kuoza hakuonekani mpaka kumechelewa. Tangi la lita mia mbili na kitu, pamoja na vioo, mchanga na meza yake, hupita kilo 300. Katika mji uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba hizihizi, sioni sababu ya kuijaribu boriti kwa ajili ya samaki.

Chini, katika msana, yaani chumba kirefu chembamba, unaoelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kulikuwa na ukuta mmoja ulio wazi. Upande mmoja una mlango, upande wa pili zinaanza zidaka, vishubaka vya ukutani, ambazo Bi Mkubwa hakutaka zifunikwe, na katikati palikuwa na nafasi ya sentimita 130. Msana wenyewe si mpana, hivyo tangi lisingeweza kujitokeza zaidi ya sentimita 45 bila kuwabana wapitao. Jua la mchana halifiki pale. Basi kipimo kikapatikana chenyewe: urefu 120, upana 45, kimo 45, jumla lita 243, na ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 210. Nilisema nitaliunda kwa kioo cha milimita 10, na kwamba chochote tutakachokichagua kitachaguliwa kwa tangi hilo, kwa kuwa nyumba haina nafasi ya tangi kubwa zaidi, leo wala baadaye. Watu wengi hununua tangi dogo kwa ahadi ya kupata kubwa mwakani. Hapa ahadi hiyo haikuwezekana, na kwa kweli hilo liliturahisishia.

Kwa kipimo changu, 120 kwa 45 humfikia samaki wa sentimita 30 barabara. Kijana aliligundua hilo kabla sijalisema, akauliza kama haitoshi kuchukua oska mmoja tu badala ya wawili. Lilikuwa swali la haki, na kama jibu lingetegemea rula pekee pengine ningesita. Kwa kawaida oska mmoja hupewa tangi lisilopungua lita 280, na hapa tulikuwa pungufu, lakini upungufu huo si wa kutisha. Kilichoamua ni maji.

Maji ya mji wa Lamu hutoka hasa katika visima vya mchanga wa Shela, ambako mvua huchujwa na vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi. Yakitoka huko huwa na chokaa, kwa hiyo ni maji magumu, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, iko juu. Kipimo cha matone pale kwa Bi Mkubwa kilionyesha pH ya karibu 8. Maji magumu si maji mabaya kwa sikilidi. Wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa huishi katika maji ya namna hiyo, na wa Amerika ya Kati vilevile. Oska, ingawa kwao maji ni laini, ni mvumilivu na huyazoea. Tatizo liko kwenye uchafu wake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na ndani ya maji amonia hiyo huwa katika hali mbili, moja kali yenye sumu na nyingine isiyo kali. Kwenye pH 7 na joto la sentigredi 25, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 na joto lilelile hupita asilimia 5, na joto likifika 30 hupita asilimia 7. Maana yake ni kwamba kosa lilelile la kulisha kupita kiasi, au la chujio kusimama, katika maji ya Lamu huwa na sumu takriban mara kumi ya lile la mtu mwenye maji ya pH 7. Vitabu vingi vya kufuga samaki vimeandikwa na watu wenye maji baridi na laini kuliko yetu, nao wanaposema tangi fulani linatosha huwa hawasemi kuhusu msana wa Mkomani wakati wa kaskazi.

Joto lina neno lake jingine. Maji ya sentigredi 25 yakishiba hewa hubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, na ya sentigredi 30 hubeba kama 7.6, huku samaki mwenyewe akihitaji oksijeni zaidi kadiri joto linavyopanda. Umeme nao hukatika. Chujio likisimama kwa saa kadhaa, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, huanza kufa kwa kukosa hewa, na umeme ukirudi hurudi na maji machafu. Tangi lenye samaki mmoja wa kiasi hustahimili usiku mmoja wa namna hiyo. Tangi lililojaa hadi mpaka wake halistahimili.

Kisha kuna suala la kubadilisha maji, ambalo kwa Bi Mkubwa lilikuwa zito kuliko yote, maana anakumbuka miaka ya kuchota. Oska mkubwa katika tangi hili angehitaji karibu lita 100 kila wiki, yaani madumu matano ya lita 20, na katika miezi ya kiangazi visima hupungua na vingine huingiwa na chumvi. Alitaja samaki wadogo waliokuwa wakiwekwa katika birika, yaani hodhi la maji lililojengwa chooni, katika nyumba za zamani, ili wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure lililojengewa katika sakafu ya birika ili samaki wabaki na maji hata birika likikauka. "Wale hawakuwa na pampu wala chujio," alisema. Ni kweli, na nilimwambia kwa nini: walikuwa wachache na wadogo, hawakulishwa ila mbu, na maji yao yalichotwa na kujazwa kila siku. Waliojenga mabirika yale walijua kiasi cha samaki ambacho maji yao yangeweza kukibeba, na ndilo jambo tulilokuwa tukilitafuta sisi kwa hesabu zetu.

Oska akatoka. Kijana hakufurahi, na sikumlaumu, kwa kuwa kilichomvuta ni tabia yao ya kumfuata mtu kwa macho na kumtambua anayewalisha, na tabia hiyo ni ya kweli. Tukaanza kutafuta samaki mwingine mwenye akili ya namna hiyo katika mwili mdogo zaidi.

Baadhi hawakuchukua muda. Sikilidi chui wa Managua, Parachromis managuensis, hupita sentimita 40 na ni mkali. Frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye nundu ya kichwani na mistari myeusi, angependa maji yetu kwa ugumu wake, lakini hufika sentimita 30, hupenda kuishi kwa kundi, na ni samaki wa kina kirefu asiyependa joto la kaskazi. Venustus wa Ziwa Nyasa hufika sentimita 25, na dume lake huhitaji majike kadhaa na nafasi ya kukimbizana. Perege wa kutoka Mto Tana au Sabaki, ambaye jirani mmoja alimpendekeza kwa kuwa hauzwi ghali, hukua upesi na hula bila kikomo. Mahali pake ni bwawani. Ukoo huu una hata kuhe wa Kigoma, mmoja wa sikilidi wakubwa kabisa duniani, anayeweza kufika sentimita 80, na nilimtaja ili tu kijana ajue kwamba majitu ya ukoo huu yanatoka upande wetu wa dunia.

Walibaki watatu. Wa kwanza ni severumu, Heros efasciatus, wa Amerika Kusini, sentimita 20, mwenye mwili mrefu wa kwenda juu na tabia ya upole, apendaye majani na mboga. Wa pili ni Thorichthys meeki wa Yucatán na jirani zake, sentimita 15, ambaye hufurisha koo lake jekundu kama moto anapomtisha mwenzake. Wa tatu ni Rocio octofasciata wa Mexico na Honduras, ajulikanaye zaidi kwa jina la Jack Dempsey, bondia wa Marekani aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu tangu 1919 hadi 1926. Huyu hufika sentimita 20, mara chache 25, na mwili wake mweusi hujaa vitone vya buluu na kijani vinavyozidi kung'aa anavyokomaa.

Mimi binafsi nilielekea kwa Jack Dempsey, na sababu zangu zilikuwa tatu ambazo hazina uzito sawa. Iliyo kubwa ni maji: kwao kuna maji magumu na ya joto, kwa hiyo hatukuhitaji kuyabadilisha maji ya Shela kwa namna yoyote, na maji yasiyohitaji dawa ndiyo maji ambayo mtu ataendelea kuyatunza hata baada ya miaka mitano. Ya pili ni mwili wake. Ukilinganisha sentimita 20 na sentimita 32 za oska kwa hesabu ileile ya urefu, upana na kimo, mwili wa oska ni karibu mara nne ya huyu, kwa hiyo lita 210 ambazo kwa oska zilikuwa mpaka wa mwisho, kwa huyu zina nafasi ya kusamehe makosa. Ya tatu ni kijana mwenyewe. Severumu ningempa mtu anayetaka tangi la kutulia. Kijana huyu alitaka samaki anayekuja kwenye kioo kumwangalia, na Jack Dempsey akizoea nyumba hufanya hivyo.

Bi Mkubwa aliuliza kama si dhuluma kumweka mmoja peke yake. Nilimheshimu kwa kuuliza. Nilimjibu kwamba samaki huyu nje ya wakati wa kuzaa hulinda eneo lake dhidi ya wenziwe, na kwamba katika tangi la sentimita 120 madume wawili watapigana mpaka mmoja akose pa kujificha. Dume na jike waliokubaliana huweza kukaa pamoja, lakini wakizaa hulinda watoto kwa ukali mkubwa, na watoto hao huwa mamia ambao hakuna wa kuwachukua Lamu. Upweke tunaomwonea huruma ni wetu zaidi kuliko wake.

Hapo nilisema jambo moja kwa uzito, na nililisema kwa wote wawili. Samaki huyu, au mwingine yeyote wa nje, asitupwe kamwe mtoni, bwawani wala katika mabonde ya Tana, hata nia iwe ya kumwacha huru. Oska na Jack Dempsey wamekwisha kuota mizizi katika maji ya Florida na Australia kwa njia hiyohiyo. Na Kenya haihitaji mfano wa mbali: sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na mamia ya aina za sikilidi wadogo wa ziwa lile wametoweka au wamebaki wachache mno tangu wakati huo. Tulikubaliana kwamba wakishindwa kumtunza atarudishwa kwangu.

Kuhusu mpangilio nitasema kwa ufupi. Mchanga laini, kwa kuwa huchimba, mawe makubwa yaliyowekwa juu ya kioo kwanza kabla ya mchanga, ili akichimba yasimwangukie, chungu kimoja kilicholazwa kwa ajili ya kujificha, hakuna kipashajoto. Chujio kubwa la nje, na pamoja nalo chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa yenye betri, ili umeme ukikatika bakteria wa sponji wapate hewa. Tangi liliachwa bila samaki huku bakteria wakijengeka, kazi inayochukua wiki nne hadi sita, na nilianza na kipande cha sponji iliyokomaa kutoka tangi jingine ili kuifupisha. Birika la zamani la nyumba, ambalo halikuwa likitumika, lilisafishwa likawa ghala la maji: ya mfereji hukaa humo siku nzima yakitoa klorini na kupata joto la nyumba, na chokaa ya kuta zake haimdhuru samaki wa maji magumu. Kila wiki hutolewa madumu matatu na kurudishwa matatu, na yanayotolewa hunyweshwa mwasumini na mikunde kiwandani.

Samaki aliyenunuliwa alikuwa na sentimita sita na rangi ya kijivu isiyovutia, na niliwaonya mapema kwamba wachanga wa aina hii huwa hivyo. Hulishwa chembe za chakula cha kununua, na mara moja moja uduvi mbichi au kipande cha kamba. Nyama ya ng'ombe nimekataza. Katika miezi ya joto kali hulishwa nusu ya kawaida, na kijana hupima amonia kila Ijumaa na kuandika katika daftari. Maji ya Shela yakiingiwa na chumvi mwishoni mwa kiangazi, watachanganya nusu kwa nusu na ya mvua kutoka jabia, yaani hodhi la maji, la msikiti wa jirani, kwa idhini ambayo Bi Mkubwa ameshaiomba na kuipata.